Ukitaka laptopu ya kupigia kinanda, anza kwenye spika

Juzi kijana mmoja wa Mkomani alinikuta nimekaa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, akanifunulia simu. Picha ya laptopu ilikuwa imejaa kioo kizima.

"Shikamoo, ami. Hii yafaa kwa kinanda?"

"Marahaba. Sauti itatokea wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda kwao. "Si papo hapo kwa laptopu?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na karibu kila anayeuliza ameshika mkia akidhani ni kichwa. Laptopu ndiyo ya mwisho kununuliwa. Ifuate sauti kinyumenyume: spika ni zipi, sauti itafikaje huko, stima itatoka wapi, programu gani itatoa mlio, kisha ndiyo uitafute laptopu ya kubeba huo mzigo. Ukienda hivyo, utabakiwa na pesa za vile vidude vidogo vinavyoharibu usiku wa watu: waya, pedali, kisanduku cha kuunganishia.

Mimi hupiga harusi hapa Lamu, mara mojamoja hoteli za Shela, na msimu wa wageni ukifika nateremka Malindi na Watamu. Kwa hivyo haya yote nimeyapima kwa joto, chumvi, boti na jenereta. Anayepiga Nairobi ndani ya ukumbi wa kiyoyozi atapunguza mwenyewe.

Hatua ya 1. Jiulize kwanza unapiga nini

Wazee wa Lamu wakisema kinanda walikuwa na maana ya chombo cha nyuzi, kibangala na ndugu zake. Sisi wa vitufe tumelirithi jina tu. Na tulipolirithi jina, kuna kitu tulikiacha nyuma. Shingo ya udi haina vizuizi vya kugawa noti, ndiyo maana mpigaji kama marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliweza kuishika sauti iliyolala katikati ya noti mbili. Kinanda cha kawaida kina noti 12 katika okteva, kila moja iko senti 100 (senti ni kipimo cha umbali wa noti) kutoka kwa jirani yake, na katikati hamna kitu.

Taarab inapaswa kukipata hicho kilicho katikati. Maqam, yaani ngazi ya noti, ya Rast ikianzia Do, Mi na Si hushushwa kama senti 50. Bayati ikianzia Re, ni Mi inayoshuka. Mpiga fidla mzuri atakwambia si 50 kamili, na ana haki, sikio lake linajua zaidi ya tarakimu. Lakini 50 ni pa kuanzia.

Vinanda vilivyotengenezewa soko la Waarabu, kama Yamaha za PSR-A au Korg Pa za toleo la Mashariki, vina vitufe vya kushusha noti mojamoja huku unapiga. Ikiwa kazi yako yote ni harusi za taarab, nunua kimoja cha hivyo na uache kusoma hapa. Sifanyi mzaha. Kinawaka haraka, hakikuombi ujumbe wa kusasisha chochote, na kikianguka kutoka kwenye mkokoteni wa hamali kina nafuu kuliko kioo cha laptopu.

Laptopu huanza kulipa pale kazi zinapochanganyika. Ijumaa ni mlio wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla nyuma ya mwimbaji, Jumamosi hoteli ya Watamu inataka piano safi saa ya chakula cha jioni na akodioni kwa wageni wa Kiitaliano, Jumapili kuna kwaya Malindi inataka ogani. Kuvipata vyote hivyo kwa ubora katika kinanda kimoja ni ghali. Laptopu moja hubeba vyote.

Ukichagua njia hiyo, basi robo toni, yaani hizo noti za katikati, iwe sharti la kwanza la programu. Ziko zinazosoma faili za Scala, zile zinazoishia kwa .scl, ambazo ni maandishi matupu yanayoorodhesha umbali wa kila noti. Pianoteq ni mojawapo. Unatengeneza milio miwili ya chombo kilekile, mmoja wa kawaida na mmoja wa Rast, unahama kwa kubonyeza mara moja. Usilitegemee lile gurudumu la kupinda sauti: linapinda noti zote za chaneli yake kwa pamoja. Ukiishusha Mi, Do iliyo chini ya kidole kingine inashuka nayo, na mwimbaji anakugeukia.

Hatua ya 2. Ijue njia ya kwenda spika

Mpigie simu fundi wa mitambo kabla ya kununua chochote, umuulize mambo matatu. Miksa yake ina nafasi ngapi za wazi? Itakaa umbali gani kutoka kwangu? Spika zinapigwa mono au stereo?

Nyingi za kwetu ni mono. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Milio ya piano ya kwenye programu hurekodiwa kwa maikrofoni mbili au zaidi, na ukiziunganisha pande mbili ziwe moja, baadhi ya mawimbi hufutana. Piano iliyokuwa nene kwenye hedifoni inakuwa kama inapigwa ndani ya bomba. Kabla ya kuupenda mlio wowote, usikilize kwa mono. Programu nyingi zina kitufe cha mono, kitumie.

Umbali ndio unaoamua waya. Waya wa kawaida wa gitaa, wenye njia moja na gamba, ukipita mita 5 au 6 huanza kudaka mngurumo wa kila kilicho karibu. Waya wenye uwiano, uliotengenezwa kuuzuia mngurumo huo, wa XLR (plagi ya maikrofoni) au jeki yenye sehemu tatu za kugusa (TRS), hubeba sauti makumi ya mita bila taabu. Miksa ikiwa mbali, au mahali pa kuchomeka ni pa XLR tu, tumia kisanduku cha DI. Kina kazi mbili: kuigeuza sauti yako iwe ya uwiano, na kukata muunganisho wa ethi kwa kitufe pale mngurumo unapotokea. Chukua chenye transfoma ndani. Fundi akisahau akawasha volti 48 za maikrofoni kwenye njia yako, transfoma inakukinga.

Kuhusu ule mngurumo: hutokea laptopu ikipata ethi kwa chaja na miksa ikapata ethi yake kwa plagi nyingine, mzunguko ukakamilika, ule umeme wa hezi 50 ukaimba. Jaribio ni rahisi, chomoa chaja. Ukikoma, umeujua. Tiba ni DI na kula stima kutoka ekstensheni moja na miksa. Nimeona mafundi wakivunja mguu wa ethi wa plagi ili mngurumo ukome. Mngurumo hukoma kweli, na siku waya wa ndani ukigusa chuma, mwimbaji mwenye maikrofoni mkononi ndiye anayekuwa ethi. Usifanye, na ukimwona mtu anafanya, funga mzigo wako.

Hatua ya 3. Stima

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kinanda kinachokula adapta ya ukutani, na laptopu yenye betri nzuri. Katikati ya wimbo wa bibi harusi jenereta ikakohoa ikazima. Laptopu yangu ikabaki inang'aa gizani, intafesi (kisanduku cha kutolea sauti) inang'aa, programu iko tayari, na kinanda kimekufa. Mtumwa wa kusema yupo, bwana wa kumtuma hayupo. Dumbaki na tari wakaubeba ule wimbo peke yao mpaka jenereta ilipowashwa, na jenereta iliporudi kinanda changu kikaanza kuwaka upya kwa starehe zake.

Tangu siku hiyo sharti langu ni moja: kila kitu kuanzia kidole hadi waya wa kutokea kitumie umeme wa betri ya laptopu. Kinanda cha USB, intafesi ya USB, basi. Stima ikikatika spika zinanyamaza, hilo huna la kufanya, lakini mitambo ikirudi wewe uko palepale ulipokuwa, sauti haijapotea, mlio haujabadilika. Ukiweza, nunua pia yu-pi-esi (betri ya kushikilia stima ikikatika) ndogo ya miksa peke yake, kwa maana miksa za kidijitali nazo huchukua muda kuamka.

Lakini piga hesabu. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 kwa kawaida, na USB 3.0 linatoa 900. Ukichomeka kinanda na intafesi kwenye kigawanyi cha bei ya chini kisicho na umeme wake, vinagawana hizo 500 na kimoja kitaanza kuzimika kila unapopiga kwa nguvu. Kila kifaa kipate tundu lake kwenye laptopu yenyewe. Liandike hili, tutalihitaji kwenye hatua ya laptopu.

Jenereta ndogo haitoi umeme ulionyooka. Weka kizuizi cha umeme unaoruka ghafla, chaji laptopu nyumbani ijae, na ukifika ukumbini uichomeke tu pale betri inapohitaji.

Hatua ya 4. Intafesi, na suala la kuchelewa

Tundu la hedifoni la laptopu si la jukwaani. Mlio wake ni mdogo, lina kelele za ndani, na ukiguswa na mguu limevunjika pamoja na bodi. Intafesi ya sauti ni kisanduku kinachoingia USB na kutoa sauti kwa jeki mbili kubwa zenye uwiano. Kwa mpiga kinanda, njia mbili za kutokea zinatosha. Usilipie njia nane za maikrofoni ambazo hutazitumia. Focusrite Scarlett 2i2, MOTU M2, Behringer UMC204HD, zote zinakula umeme wa USB na zote zina draiva zao (programu za kuendeshea kifaa) za ASIO, njia ya kupitisha sauti haraka, kwa Windows. Hilo la draiva ndilo la kuangalia. Kisanduku kisicho na draiva yake kinakulazimisha kutumia ASIO4ALL, ambayo ni msaada wa bure na nimeutumia sana, ila siupendi usiku wa harusi. Kwenye Mac suala hilo halipo, Core Audio, mfumo wake wa sauti, imo ndani.

Sasa kuchelewa. Laptopu haitoi sauti tone kwa tone, huijaza kwanza kwenye ndoo ndogo ndipo iimwage. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Kwa kasi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 inachukua milisekunde 2.9, ya 256 inachukua 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1024 ni 23.2. Juu ya hapo ongeza kidogo cha intafesi na USB. Ndoo kubwa humpa prosesa nafasi ya kupumua, ndoo ndogo hukupa jibu la haraka, na ikiwa ndogo kupita uwezo wa mashine utasikia mikwaruzo na milio kama mafuta ya bajia.

Kuna usiku nilipigia shughuli ya akina mama, sisi wapigaji tukiwa nyuma ya pazia, spika ziko upande wao mbele kabisa. Nikahisi vidole vyangu vinachelewa. Nikailaumu laptopu, nikapunguza bafa kutoka 256 hadi 64, mikwaruzo ikaanza, na kuchelewa kuko vilevile. Kilichochelewa kilikuwa hewa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kila mita inakula karibu milisekunde 3. Spika zilikuwa mita 10 kutoka nilipokaa: milisekunde 29 kabla mashine haijahesabiwa. Dawa yake haikuwa laptopu mpya, ilikuwa hedifoni ya waya ya kuziba masikio kutoka kwenye intafesi hiyohiyo.

Basi lipime kwa mita. Bafa ya 256 ni sawa na kukaa mita 2 kutoka kwa spika, jambo ambalo hakuna mpigaji aliyewahi kulilalamikia. Mimi hukaa 128 kwa piano na 256 panapokuwa na milio mizito. Anayekuuzia mashine ghali kwa hoja ya bafa ya 32 anakuuzia sentimita.

Na spika za Bluetooth, hapana. Kuchelewa kwake mara nyingi hupita milisekunde 100, sawa na kupigia spika iliyo mita 34 mbali. Ni nzuri kwa kusikilizia nyimbo ufukweni.

Hatua ya 5. Programu

Unahitaji mbili: ya kutoa milio, na ya kuipanga jukwaani. Ya kupanga ndiyo inayokuwezesha kuhama kutoka kanuni hadi ogani bila kukata sauti iliyokwisha pigwa, na kugawa kinanda pande mbili. Kwa Mac ipo MainStage, ya bei nafuu mno kwa kazi yake, ila haipo kwa Windows. Kwa Windows ipo Cantabile, na Gig Performer inakwenda kote kuwili. Reaper si ya jukwaani hasa lakini ni nyepesi na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60.

Usichukue programu za wizi. Siyasemi haya kwa uchamungu. Zimefunguliwa kwa nguvu, nyingine zina virusi, na hujui siku gani zitakataa kufunguka.

Angalia pia ukubwa wa milio. Piano iliyorekodiwa noti kwa noti inaweza kula gigabaiti makumi. Pianoteq haitumii rekodi, huikokotoa sauti papo hapo, kwa hivyo faili yake ni ndogo sana lakini inamtegemea prosesa zaidi. Hapo ndipo unapojua unahitaji diski kubwa au prosesa imara, na ndipo unaweza kwenda dukani.

Hatua ya 6. Laptopu, hatimaye

Kwa wengi wetu itakuwa ya mtumba, zile ex-UK za Mombasa au Nairobi. Hamna aibu. Laptopu ya ofisi iliyotumika miaka mitatu ni imara kuliko mpya ya plastiki ya bei hiyohiyo.

Prosesa: upande wa Intel, usishuke chini ya kizazi cha 8. Kuna sababu mbili. Kuanzia hapo hata zile za laptopu nyembamba za i5 zilipata koa (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) nne badala ya mbili. Pili, Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 au zaidi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikwambia "ni i7 hii", muulize i7 ya kizazi gani. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo jibu, au mbili za kwanza kuanzia kizazi cha 10: i7-6600U ni ya 6, i5-8350U ni ya 8. Ya pili ni bora, hata kama jina lake ni dogo.

RAM iwe gigabaiti 16. Ukikuta ina 8, hakikisha inaweza kuongezwa, maana laptopu nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi. Diski iwe SSD, ya gigabaiti 512 ukiweza. Diski ya kuzunguka usiiguse, spika za besi zikitikisa meza inatikisika nayo.

Matundu ya USB yahesabu kwa vidole: moja la kinanda, moja la intafesi, na moja la akiba. Mfano wa mashine ninayoipendekeza bila wasiwasi ni ThinkPad T480. Kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuibadilisha huku mashine inawaka. Kwa aliyepitia kisa cha jenereta, hiyo ya mwisho peke yake ni sababu tosha.

MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, ni mashine nzuri sana kwa kazi hii. Ina mambo mawili ya kuyajua. RAM yake haiongezeki, kwa hivyo itafute ya 16, na matundu yake ni mawili tu ya USB-C, utanunua kigawanyi kizuri. Haina feni, hilo kwetu ni baraka na balaa: haivuti hewa ya chumvi ndani, lakini ikikaa juani ufukweni Shela itajipunguza kasi yenyewe ili ipoe. Popote ulipo, laptopu ikae kivulini na iinuliwe kidogo ipate hewa chini.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji nusu saa. Pakua LatencyMon, iache ifanye kazi dakika 15 huku video inacheza. Inakuonyesha kama kuna draiva inayomkatiza prosesa kwa muda mrefu. Mara nyingi mkosaji ni kadi ya Wi-Fi, nayo unaweza kuizima. Baadhi ya mashine zina ugonjwa huo kwenye bodi yenyewe na hakuna mpangilio utakaoziponya. Muuzaji akikunyima hiyo nusu saa, muache na mashine yake.

Nyumbani, kwenye Windows, panga hivi na usirudi tena: nishati iwe ya utendaji wa juu, kulala iwe kamwe, kufunga mfuniko kusifanye lolote, na ile ya kuzima matundu ya USB yasiyotumika iondolewe. Sasisha kila kitu siku tatu kabla ya shughuli, si siku yenyewe, kisha simamisha masasisho. Jukwaani washa hali ya ndegeni, na uzime milio ya arifa. Ukumbi mzima wa Langoni umewahi kusikia kuwa nimepata barua pepe.

Ukiwa na iPad tayari, usijione nyuma. Programu za AUM na Korg Module zinafanya kazi nyingi za jukwaani, mashine haina feni na betri inakaa. Upungufu ni tundu moja.

Hatua ya 7. Kinanda chenyewe

Hapa sina mengi. Vitufe 61 vinatosha kwa taarab na kwa hoteli nyingi. Vitufe 88 vyenye nyundo ni raha kwa mpiga piano, lakini uzito wake ni kati ya kilo 10 na 20 hivi, na kutoka Mokowe utakiteremsha kwenye boti, ukipandishe gati, kisha hamali akipenyeze kwenye vichochoro. Chukua chenye kutumia umeme wa USB, chenye gurudumu la kupinda na vitufe kadhaa vya kupangia milio.

Pedali nunua ya umbo la piano, nzito, siyo kile kisanduku kidogo cha plastiki kinachotoroka chini ya meza. Na usiikanyage unapowasha kinanda: vinanda vingi husoma mkao wa pedali wakati wa kuwaka, ukiikanyaga itafanya kazi kinyume usiku kucha.

Hatua ya 8. Chumvi, mchanga na bahari

Upepo wa kusi ukivuma, kioo cha dirisha Shela kinakuwa na utando unaonata. Utando huohuo unaingia kwenye matundu ya USB na jeki zako. Weka vifaa kwenye sanduku la plastiki linalofungika, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Mchele hapana, unaacha vumbi na wanga. Kila baada ya wiki chache chomeka na uchomoe kila jeki mara kadhaa, na ukiwa na dawa ya kusafishia viunganishi ipulize kwenye plagi, siyo ndani ya laptopu.

Kuvuka maji, laptopu na intafesi ziwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na mfuko huo uukumbatie wewe. Usiuweke sakafuni mwa boti, ambako kuna maji daima hata nahodha akikuapia hakuna.

Malindi kuna mtego mwingine. Hoteli inakupa chumba cha kiyoyozi ukalaze vyombo, jioni unavitoa moja kwa moja kwenye baraza yenye joto na unyevu. Umande unajitengeneza juu ya chuma baridi, na ndani ya mashine vilevile. Vitoe mapema, uviache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi mpaka vipate joto la nje, ndipo ufungue.

Kinanda kikiwa hakipigwi, kifunike leso. Mchanga ukiingia chini ya vitufe hautoki bila kukifungua, na leso nene inafanya kazi kama vifuniko vya dukani.

Hatua ya 9. Usiku wa majaribio

Usivitoe vifaa vipya moja kwa moja kwenye harusi. Panga kila kitu sebuleni kama jukwaani, kwa betri, bila feni ya darini, saa ya mchana wakati joto limepanda. Piga saa tatu mfululizo. Wakati unapiga chomoa waya wa USB wa kinanda kisha uurudishe: programu imekitambua tena, au imekwama? Rudia kwa intafesi. Ijue tabia ya mashine yako ukiwa peke yako, maana kuna siku mtoto atajikwaa kwenye huo waya.

Sawazisha nguvu za milio. Piga kila mmoja kwa nguvu yako ya kawaida, kilele kifike karibu desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo, usogeze mpaka vyote vilingane. Fundi wa mitambo akipanga kwa kanuni, kisha ukahamia ogani iliyo na nguvu maradufu, yeye ndiye atakayetukanwa na watu, na wewe hutaitwa tena.

Waya wa USB uwe na mwenzake begini, na usizidi mita 5. Uwe na akiba pia ya adapta ya jeki na tepu ya kitambaa ya kushikilia waya sakafuni. Simu yako iwe na nyimbo chache zilizorekodiwa na waya wa kuichomeka kwenye miksa, ili mashine ikigoma mwimbaji awe na cha kuimbia huku wewe unaiwasha upya.

Siku yenyewe, washa laptopu, kisha intafesi, kisha miksa, spika za mwisho. Kuzima ni kinyume chake, spika kwanza, la sivyo kila unachochomoa kitapiga kishindo na bibi wa mtu ataruka kitini. Mwambie fundi azime ndipo uguse waya wowote, na usubiri akujibu, usitegemee kuwa amekusikia.